Masomo ya kushusha gia kwa kisigino na kidole hapa Nakuru: nimelipa, nimejifunza, haya ndiyo maoni yangu

Nianze na jibu ndio wenye haraka msisumbuke kusoma mpaka chini. Kama una gari ya manyuali, una leseni, na umeendesha kiasi kwamba mkono unajua gia ziko wapi bila macho kuangalia, enda kwa huyu mzee ulipie, ni pesa inaenda mahali pazuri. Kama bado unang'ang'ana kutoa gari mlimani bila kuzima ngoja kwanza, na yeye mwenyewe atakwambia urudi baadaye, mbele yangu alirudisha kijana mmoja bila kuchukua pesa yake. Jina na namba sitaweka hapa kwa sababu sikumuomba ruhusa, lakini mafundi wa giaboksi hapa mjini wanamjua, uliza tu mzee anayefundisha watu wazima kuteremka mlima.

Sasa somo lenyewe kwa wale hawajui. Unakaribia kona, unataka kupunguza spidi na pia unataka kuingia ile kona ukiwa na gia ya chini, tuseme umetoka nne unaenda tatu. Wengi wetu tunakanyaga breki, tunakanyaga klachi, tunaweka tatu, tunaachilia klachi, na hapo gari inashtuka vichwa vyote vinaenda mbele. Inashtuka kwa sababu wakati klachi ilikuwa chini injini ilishuka ikalala, halafu unapoachilia magurudumu yanaidai izunguke haraka kuliko ilivyokuwa, kwa hivyo klachi ndiyo inabebeshwa kazi ya kuivuta injini ipande. Dawa ni kuipa injini mafuta kidogo klachi ikiwa bado chini, ipande yenyewe, ndio ukiachilia vitu viwili viwe vinalingana. Shida sasa ni kwamba mguu wa kulia uko kwa breki na huwezi kuutoa, kona inakuja. Ndio maana mguu huo huo unabaki kwa breki na ile sehemu iko chini ya kidole gumba, halafu kisigino ama upande wa nje wa mguu unagusa mafuta mara moja, pap, klachi inaachiliwa, gari inaingia tatu na mtoto aliyelala kiti cha nyuma haamki.

Kwa nini mtu wa Nakuru ajisumbue na hii kitu? Mimi kazi yangu ni viazi, nanunua Mau Narok naleta mjini na pickup, na ile barabara inatoka zaidi ya mita 2,700 inateremka Njoro halafu inateremka tena mpaka huku chini kwenye mita kama 1,850 hivi. Ni mteremko mrefu, kuna kona, kuna ukungu, kuna punda na mikokoteni, na ukibeba mzigo breki zinapata joto mpaka unasikia harufu. Watu wa hapa hatuhitaji kuambiwa habari ya breki kuisha nguvu mlimani, sisi ndio tunaishi karibu na Salgaa na Sachangwan, tunajua vile malori yamekuwa yakiteremka na free, yaani bila gia yoyote kuingizwa, eti yaokoe mafuta na vile ilivyoishia kwa familia nyingi. Na hapo mzee alinifundisha kitu ambacho natamani kila dereva ajue, kwamba injini hizi za siku hizi zenye sindano za kompyuta, ukiteremka ukiwa kwa gia na mguu hauko kwa mafuta, kompyuta inafunga mafuta kabisa, injini inazungushwa na magurudumu bure. Ukiweka free ndio inabidi ichome mafuta ndio isizime. Kwa hivyo free haiokoi hata shilingi, inakuondolea tu nguvu ya injini ya kukushikilia.

Lakini hapa lazima niwe mkweli kwa niaba yake kwa sababu aliniambia siku ya kwanza kabla sijatoa pesa: kwa mteremko mrefu hauhitaji kisigino na kidole. Unachagua gia ya chini juu kabisa kabla mlima haujaanza kukuvuta, basi, unateremka nayo. Hii ya kisigino ni ya pale unabanwa, kona imekuja kali kuliko ulivyodhani, ama lori imesimama mbele na unajua baada ya breki utahitaji gia ya kutokea, yaani breki na gia zinatakiwa wakati mmoja. Mwalimu ambaye anakwambia ni wapi somo lake halihitajiki, kwangu huyo ni mwalimu.

Bei. Kipindi ni masaa mawili, Sh3,000 ukitumia gari yake, Sh2,000 ukienda na yako, mafuta juu yako, unatuma M-Pesa kipindi kikiisha sio kabla. Gari yake ni Toyota 110 ya zamani, rangi imechoka lakini chini iko sawa kabisa, na ameichagua kwa sababu, pedali ya mafuta inavuta waya moja kwa moja mpaka kwa injini. Ukigusa injini inajibu hapo hapo. Magari mapya pedali inatuma ujumbe kwa kompyuta kwanza, zingine zinachelewa kidogo, na zingine zikiona umekanyaga breki na mafuta pamoja kompyuta inakata nguvu kwa usalama, kwa hivyo mtu anaweza kuhangaika akidhani ni mguu wake kumbe gari ndiyo imekataa. Kama yako ni ya miaka ya karibuni muulize mapema, atakujaribia kwanza kabla hujalipa kipindi chochote.

Vile anafundisha ndio sababu ya mimi kuandika haya yote. Hakuna kuruka. Unaanza na injini imezimwa, gari imesimama uwanjani, unakaa tu ukitafuta mahali mguu unaingia. Anapanga kiti mwenyewe, mgongo uguse nyuma, goti la kushoto libaki limekunjwa kidogo hata klachi ikifika chini. Halafu unakanyaga breki na kubaki hapo, na bila kuongeza wala kupunguza breki unaviringisha mguu uguse mafuta. Inaonekana rahisi ukisoma. Mguu una tabia yake, ukiuviringisha unataka kukandamiza breki zaidi, ama unaiachilia. Yeye anaweka mkono wake kwa goti la mwanafunzi (aliniuliza ruhusa kwanza, na kwa wanawake wenzangu najua mtataka kujua hiyo, anauliza kila mara na ukikataa anaangalia taa za breki na kichwa cha gari vile kinalala badala yake) na anasikia kabisa kama breki imebadilika.

Kutoka hapo injini inawashwa, bado umesimama, unafanya hivyo hivyo ukisikiliza. Anataka mlio mfupi, unapanda na kushuka. Wengi wanasukuma mafuta mpaka injini inalia, anasema hapana, kidogo, na haraka. Halafu mnatoka barabarani asubuhi mapema kabla magari hayajajaa na kwa muda mrefu hutumii breki kabisa, ni kushusha gia tu kwenye barabara iliyonyooka: klachi, gia, gusa mafuta, achilia. Hiyo tu. Hapo ndipo alinichorea hesabu kwa vumbi juu ya boneti. Tuseme gia ya tatu ni 1.4 na ya nne ni 1.0, yaani kwa tatu injini inazunguka mara 1.4 kila shafti inayotoka giaboksi ikizunguka mara moja, na kwa nne zinazunguka sawa. Uko nne na injini iko mizunguko 2,500 kwa dakika. Ukiingia tatu kwa spidi ile ile injini lazima iwe 3,500, hakuna njia ingine, magurudumu hayajabadilisha spidi. Ile 1,000 katikati ndiyo mguu wako unatakiwa kuileta. Ukileta kidogo gari inavutwa nyuma, ukizidisha inarukia mbele, ukilenga hausikii chochote na ukiangalia mshale wa revu unaona umekaa pale klachi ilipoukuta. Kutoka siku hiyo niliacha kukisia, nikawa najua mshale unatakiwa kwenda wapi kabla sijashika gia.

Nilimuuliza, sasa mzee si giaboksi za siku hizi ziko na sinkro, mbona tunafanya kazi ya sinkro? Akanielezea vizuri. Sinkro inalinganisha vitu vya ndani ya giaboksi ndio gia iingie bila kukwaruza, lakini injini iko upande ule mwingine wa klachi na wakati umeikanyaga imetenganishwa, sinkro haiifikii. Yeye ameendesha malori ya zamani ambayo hayakuwa na sinkro kabisa, huko ilibidi klachi mara mbili, unakanyaga unatoa gia unaachilia, unapiga mafuta, unakanyaga tena ndio unaingiza. Kwa gari zetu hiyo ya pili si lazima. Inasaidia kama sinkro yako imeanza kuchoka na gia ya pili inalia, lakini dawa ya hiyo ni fundi.

Baada ya hapo ndio anaunganisha breki na gia, kwanza uwanjani kwa spidi ndogo akiwa ameweka chupa za plastiki kuonyesha kona, na sheria yake ni moja tu anairudia mpaka unaiota: breki kwanza, breki ndiyo bosi, mambo ya gia ni ya kutumwa. Kama unaona mguu umeanza kutafuta mafuta na breki inalegea, achana na mafuta, maliza breki, heri gari ishtuke kuliko usisimame. Na gia usiishushe ukiwa bado kwa spidi kubwa, subiri breki ipunguze kwanza, kwa sababu ukitoka tano ukaingia pili badala ya nne hata uguse mafuta vizuri namna gani injini itazungushwa kupita mwisho wake na valvu zitaongea. Hakuna kisigino cha kuokoa hiyo. Usukani unakuja mwisho, klachi ikiwa imeshaachiliwa na gari imetulia.

Halafu ndio mnaenda barabara ya Subukia. Kwa wale hamuijui, ukitoka Nakuru upite Bahati unafika pale juu na bonde lote liko chini yako, halafu barabara inashuka na kona zake moja baada ya nyingine. Hapo kila kitu alichokufundisha kinakutana. Hamwendi mbio. Huu si mchezo wa mbio na ukijaribu kuufanya hivyo anakwambia usimame pembeni mbadilishane viti. Kwa spidi ya kawaida tu, breki, klachi, tatu, mguso, achilia, kona. Ile mara ya kwanza gari iliingia kona bila hata kutikisika mzee hakusema kitu, aliinua tu mkono wake kutoka kwa handibreki akauweka kwa mapaja yake, na mimi nilijua imeingia. Furaha niliyosikia pale siwezi kuificha, nilikuwa naimba mpaka chini.

Kwa pickup yangu faida ilikuwa kubwa kuliko nilivyotarajia na nataka watu wa pickup na Hiace msikie hii. Gari zetu zinavutwa na magurudumu ya nyuma. Ukiwa umebeba mzigo nyuma kuna uzito, tairi zinashika. Siku hujapata mzigo unarudi tupu, nyuma ni nyepesi, na kama imenyesha ukishusha gia kwa kishindo yale magurudumu ya nyuma yanashikwa ghafla na injini, yanateleza kama umevuta handibreki, makalio ya gari yanatoka upande. Kumbe kitu nilichokuwa nakilaumu kwa tairi kwa miaka kilikuwa na dawa kwenye mguu. Gari ndogo za kuvutwa mbele kama 110 ama Probox zikishtuliwa hivyo ni magurudumu ya mbele yanateleza, unageuza usukani gari inaenda moja kwa moja. Yote mawili mabaya lakini la nyuma linatisha zaidi.

Kuna vijana wanaenda kwake kwa sababu ya Safari Rally, tangu irudi kwenye mashindano ya dunia 2021 na kukaa Naivasha hapa kaunti yetu, kila mtu aliyesimama Soysambu ama Sleeping Warrior anarudi nyumbani akitaka kuendesha hivyo. Anawaambia ukweli, zile gari za juu hazibadilishi gia kama zetu, gia zinaingia kwa mpangilio moja moja, klachi ni ya kuanzia tu, na mara nyingi breki inakanyagwa na mguu wa kushoto. Ukitaka kumfikiria dereva wa klachi na gia za kawaida rudi kwa kina Joginder Singh, mtoto wa Kericho hapa jirani, alishinda Safari 1965 na Volvo halafu 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Mzee akianza kuongea juu ya hizo gari kipindi kinaweza kuisha, mkumbushe saa kwa heshima.

Mambo madogo ya kujua kabla ya kwenda. Viatu, vaa raba za soli nyembamba, zisiwe pana sana. Slipasi hapana, gamboti hapana, na viatu vya ofisi vya visigino atakurudisha. Video za huko Marekani dereva amekaa kushoto na gia anashika na mkono wa kulia, zisikuchanganye, pedali zimepangwa vile vile kama zetu, klachi breki mafuta, miguu inafanya kitu kimoja. Gari yako ikiwa pedali ya mafuta iko chini sana kuliko breki itakuwa ngumu kuifikia ukikanyaga breki polepole, ukikanyaga kwa nguvu breki inashuka mnalingana nayo, ndio maana hii kitu ni rahisi zaidi ukiwa unafunga breki kwa ukweli kuliko ukiwa unacheza. Wengine wanafungia vipande vya bati kwa pedali. Yeye anakataa zile za kufungwa na waya ama gundi, kipande kikichomoka kikaingia chini ya breki umekwisha, na kapeti ya miguu inayotembea anaitoa mwenyewe kabla hamjaanza.

Malalamiko ninayo. Saa yake si saa, ukiambiwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi jipange kwa saa moja. Toyota yake haina breki ya pili upande wa mwalimu kama zile za shule, ana handibreki tu, na kwa bei hiyo naona angeweza kuwekewa, nimemwambia akasema anafikiria, mimi naona asifikirie sana. Muulize pia bima ya gari inamfunika mwanafunzi vipi, mimi alinionyesha karatasi lakini ilibidi niombe. Na ile hesabu ya boneti anaieleza mbio, mtu ambaye hesabu ilimpita shuleni atapotea, beba kalamu na daftari umwambie arudie, hakasiriki. Uwanja una vumbi la ajabu wakati wa kiangazi.

Linganisha na shule ambayo nilipatia leseni, sitaitaja, ambapo tulishinda kwa ile bodi ya mji tukisukuma gari ya kuchezea, halafu barabarani tunafundishwa kupita mtihani, hakuna mtu aliwahi kuniambia hata kwamba injini inaweza kushikilia gari kwa mteremko. Nilipata leseni nikapewa pickup nikatumwa Mau. Hii elimu ya mzee ilitakiwa kuja mapema zaidi na nasema hivyo nikiwa na uchungu, kwa sababu naona madereva wa miaka ishirini na kitu wakiteremka na magunia arobaini na mguu umekufa kwa breki, na ni watoto wa watu.

Kwa hivyo nampa nne kwa tano, ile moja ni ya breki ya pili, akiiweka nitarudi kubadilisha. Jumamosi huwa amejaa, pigia mafundi mapema akupangie siku ya katikati ya wiki, na mwambie gari yako inavutwa mbele ama nyuma ndio ajue mtaanzia wapi. Subukia haendi mvua ikinyesha, anahamisha kipindi na haongezi pesa.